Mita 58 za mteremko na tenki lisilojaa: uchambuzi wa bomba moja la mserereko

Kwenye karatasi mradi huu wa mserereko, yaani wa maji yanayoteremka yenyewe bila pampu, ulikuwa mzuri. Chemchemi iko juu, tenki liko chini, tofauti ya mwinuko ni mita 58. Kati yake limelazwa bomba jipya la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 63, daraja la PN 10, yaani la kuhimili presha ya baa 10, urefu mita 2,400. Hesabu ya usanifu ilisema tenki litapokea lita 2.6 kila sekunde. Nilipoitwa kwenda kuangalia, mwaka mmoja na ushei baada ya maji kufunguliwa, tenki lilikuwa linapokea 1.8, na kulikuwa na siku ambazo halikupokea hata tone.

Ni milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Vijiji vitatu vinategemea tenki hilo, watu wapatao 7,800. Majina ya vijiji nayaacha, na jina la aliyesanifu nalo naliacha, kwa sababu nia yangu ni kosa lenyewe. Nimeliona tena na tena katika miradi midogo ya mserereko, na linaumiza kwa sababu kuliepuka kunahitaji siku mbili za kupima na mstari mmoja wa kuchora.

Tuanze na uzito wa upungufu. Lita 1.8 kwa sekunde ni kama lita 155,500 kwa siku nzima ya saa 24. Gawa kwa watu 7,800: lita 20 kwa mtu, yaani ndoo moja, kabla hujatoa shule, zahanati na uvujaji. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kufika kwenye kilula, yaani kituo cha kuchotea maji. Vilula walikuwa navyo. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba vilula vya juu vinapata asubuhi, vya chini vinasubiri, na wanawake wa kitongoji cha mwisho walikuwa wamerudi mtoni.

Wanajumuiya wa watumia maji walikuwa na majibu yao tayari. Wa kwanza alisema chanzo kimepungua kwa sababu ya waliolima juu yake. Wa pili alisema kuna watu wametoboa bomba wanamwagilia kabichi. Wa tatu, kijana mwenye simu nzuri, alinionyesha hesabu aliyoifanya mwenyewe: maji yakianguka mita 58 yanafikia kasi ya mita 33.7 kwa sekunde; zidisha kwa eneo la tundu la bomba, unapata lita 81 kwa sekunde. Akauliza, kwa haki kabisa, lita 79 zimekwenda wapi.

Nilimjibu kwa heshima kwa sababu kanuni yake si ya uongo. Inahusu maji yanayotoka kwenye tundu la pipa, mahali ambapo hakuna safari. Ndani ya bomba refu, karibu kimo chote kinaliwa na msuguano wa maji na ukuta wa bomba. Mita 58 zile si za kuyapa maji kasi. Ni nauli ya kusafiri mita 2,400. Swali la bomba la mserereko siku zote ni hili: kwa nauli hii, ni maji kiasi gani yanaweza kufika?

Hesabu ya nauli hiyo mafundi wengi tunaifanya kwa kanuni ya Hazen na Williams, Wamarekani wawili waliopanga majedwali yake mwanzoni mwa karne ya 20. Ukitumia mita kwa urefu na kipenyo, na mita za ujazo kwa sekunde kwa mtiririko, inakuwa hivi:

h = 10.67 × L × Q^1.852 ÷ (C^1.852 × D^4.87)

Hapo h ni kimo kinachopotea, L urefu, Q mtiririko, D kipenyo cha ndani, na C namba ya ulaini wa bomba. Kwa plastiki vitabu huweka 140 hadi 150. Mimi hutumia 140 kwa sababu bomba halibaki jipya. Angalia vipeo vyake, maana kisa chote kimejificha humo. Ukiongeza maji mara mbili, kimo kinachopotea kinaongezeka mara 3.6. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kinapungua karibu mara 29. Kipenyo ndicho kinachotawala, na ni kipenyo cha ndani: bomba la 63 lina milimita 63 kwa nje, na kwa daraja la PN 10 la siku hizi ukuta wake una milimita 3.8, hivyo ndani zinabaki 55.4. Anayeweka 63 kwenye kanuni kwa bomba hili anapata lita 3.6 badala ya 2.6.

Msanifu hakufanya kosa hilo. Nilipoweka D = 0.0554, L = 2,400, h = 58 na C = 140, nikapata Q = 0.00259, yaani lita 2.59 kwa sekunde, namba ileile iliyokuwa kwenye ripoti yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kile ambacho hesabu haikuulizwa.

Tulianza kwa ndoo. Pale chemchemi tuliyakusanya maji yote kwenye mdomo mmoja: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 7.5. Hiyo ni lita 2.67 kwa sekunde, na ilikuwa katikati ya kiangazi. Wakulima wa juu wakapata nafuu ya lawama siku hiyohiyo. Tenkini, ndoo ileile ilijaa kwa sekunde 11, lita 1.82. Tofauti, lita 0.85 kwa sekunde, haikuwa imeibwa na mtu. Ilikuwa inamwagika kwenye bomba la ziada, lile la kutolea maji yanayofurika, pale chemba ya chanzo, mchana kutwa, ikirudi korongoni. Wote walikuwa wakiiona na kuihesabu kuwa neema, eti chanzo kina baraka. Kumbe ni maji ambayo bomba limeyakataa.

Kisha tukafunga valvu ya kuingilia tenki na kuacha bomba lijae. Geji ya presha ikapanda polepole hadi baa 5.7 na kutulia. Baa 5.7 ni mita 58 za maji. Jibu hilo moja lilifuta maswali mawili: vipimo vya mwinuko vya mwanzo na mwisho vilikuwa sahihi, na bomba halikuwa na tundu la mwizi. Uzibe ungeweza kuwepo bado, maana maji yaliyotulia hayaonyeshi uzibe, lakini nilikuwa nimeanza kushuku kitu kingine. Ni kwa sababu ya sauti.

Maji yalikuwa yanaingia tenkini kwa kukohoa. Yanakuja, yanapumua, yanatema povu jeupe, yanakuja tena. Mzee mmoja anayelinda tenki aliniambia, "Mwanangu, bomba hili linakoroma tangu siku ya kwanza." Nilimwamini. Bomba lililojaa halikoromi. Bomba linalokoroma lina hewa ndani, na hewa hiyo lazima iwe na mlango wa kuingilia.

Mlango tuliukuta mita 900 kutoka kwenye chanzo. Pale bomba linapanda mgongo wa mlima kabla ya kuteremka kuelekea tenki, na juu ya mgongo fundi alikuwa ameweka valvu ya hewa, kama inavyotakiwa kila mahali bomba linapopanda na kushuka. Kazi yake ni kutoa hewa. Niliweka kiganja juu yake, kikavutwa. Valvu ilikuwa inanyonya hewa kutoka nje, tena kwa nguvu ya kutosha kuacha alama kwenye ngozi.

Mwenyekiti wa jumuiya akakumbuka jambo. Miezi kadhaa nyuma, fundi alikuwa ameona valvu hiyo "mbovu" akaifunga kwa mpira na waya. Maji yaliongezeka kwa siku mbili, watu wakashangilia, kisha yakakatika kabisa. Wakafungua, yakarudi kidogo kama zamani. Walifikiri ni bahati mbaya. Kwangu ilikuwa ushahidi wa mwisho niliohitaji kabla ya kupima.

Tuliazima levo ya mpimaji na tukatembea mstari mzima kwa siku mbili, vijana wanne na mimi. Simu sikuitumia; mwinuko unaotolewa na simu unaweza kukosea mita nyingi, na hapa mita mbili tatu zilikuwa na maana. Matokeo: kutoka kwenye chanzo bomba linashuka hadi bondeni, mita 31 chini ya chanzo, mita 550 njiani. Kisha linapanda. Juu ya mgongo, mita 900 njiani, liko mita 12 tu chini ya chanzo. Kuanzia pale linateremka mita 46 zilizobaki kwa urefu wa mita 1,500.

Sasa chora. Weka urefu wa bomba kwenye mstari wa chini wa karatasi na mwinuko kwenye mstari wa kando. Chora umbo la bomba kama lilivyolala ardhini. Kisha chora mstari wa pili: kimo ambacho maji yangefikia kama ungechomeka mrija wa kioo uliosimama kwenye kila sehemu ya bomba. Kwa kuwa bomba lina kipenyo kimoja, mstari huo unashuka sawasawa kutoka kwenye chanzo hadi tenkini, mita 58 kwa mita 2,400, yaani sentimita 2.4 kwa kila mita. Ukifika mita 900, mstari umeshuka mita 21.75. Bomba lenyewe pale limeshuka mita 12 tu.

Mstari wa maji umepita mita 9.75 chini ya bomba.

Maana yake, ili lita 2.59 zipite, presha ndani ya bomba pale mgongoni ingepaswa kuwa mita 9.75 chini ya presha ya hewa ya nje. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yote iliyo juu yetu ina uzito wa mita 8.6 za maji. Huwezi kutoa 9.75 kwenye 8.6. Hata kama mgongoni pangekuwa na ombwe kamili, lita 2.59 zisingepita. Na muda mrefu kabla ya ombwe, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji inatoka, inajikusanya pale juu, na kulikata bomba kama koo lililokabwa. Ndicho kilichotokea siku ile valvu ilipofungwa: kwa siku mbili mgongo uliyavuta maji, yakaongezeka, kisha hewa ikajaa yakakoma.

Valvu ikiwa wazi, presha pale mgongoni ni sawa na ya nje. Bomba linakuwa mabomba mawili. La kwanza lina mita 12 za nauli kwa safari ya mita 900. Weka kwenye kanuni: Q = lita 1.88 kwa sekunde. Tulipima 1.82. Tofauti hiyo ndogo ni viungio na chujio. Nilipohakiki kwa kanuni ya Darcy na Weisbach, yenye misingi imara zaidi, mtiririko wa 1.88 ulidai mita 11 hivi kwa sehemu hiyo, karibu kabisa na zile 12 zilizopo. Darcy mwenyewe alikuwa mtu wa mserereko: mwaka 1840 alifikisha maji ya chemchemi ya Rosoir mjini Dijon, Ufaransa, bila pampu.

Bomba la pili, kutoka mgongoni hadi tenkini, lina mita 46 kwa mita 1,500. Linaweza kubeba lita 2.95 na linapewa 1.8. Halijai. Maji yanateremka ndani yake kama mto ndani ya handaki, yakibeba hewa iliyonyonywa pale juu, na hewa hiyo ndiyo inayokohoa tenkini. Mzee wa tenki alikuwa na utambuzi sahihi kuliko ripoti.

Kuna jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko upungufu wenyewe. Siku zile mbili valvu ilipofungwa, sehemu ya bomba iliyo karibu na mgongo ilikuwa inavuta. Bomba lenye presha likiwa na kiungio kilicholegea linatoa maji nje. Bomba linalovuta linaingiza ndani kilichopo nje. Pale mgongoni limepita chini ya shamba la viazi lenye samadi na dawa. Sikulala vizuri nikifikiria hilo.

Sasa tiba. Jumuiya ilikuwa na pesa kidogo na wazo: kuweka bomba kubwa sehemu ya chini, karibu na tenki, kwa kuwa huko ndiko maji yanakoonekana machache na gari linafika. Nilibishana nao karibu saa nzima, karatasi mkononi. Sehemu ya chini tayari ina uwezo wa 2.95. Uiwekee bomba la inchi nne, la inchi sita, mgongo utaendelea kupitisha 1.88. Ulikuwa ushauri wa asili kabisa na ungewamalizia pesa bila kuongeza hata kikombe.

Kuchimba mgongo bomba lishuke zaidi ya mita 10 hakukuwezekana. Kuzunguka mgongo kungeongeza mamia ya mita na kuingia kwenye msitu wa hifadhi. Pampu hata sikuijadili. Kwenye mlima wenye mita 58 za bure, kununua umeme ni kuiuza zawadi. Ikabaki kubadilisha mita 900 za juu, kutoka kwenye chanzo hadi mgongoni, ziwe za kipenyo kikubwa zaidi ili nauli ya mita 12 itoshe. Je, 75 au 90?

Lengo letu lilikuwa lita 2.5, chini kidogo ya chanzo. Bomba la 75 lina milimita 66 ndani. Kwa lita 2.5 linakula mita 8.7 kufika mgongoni, na kuacha mita 3.3 za presha pale juu. Linafaa, kwa karatasi. Lakini nikauliza swali la pili: valvu ya tenki ikifunguliwa yote, na chanzo kikiwa na maji mengi ya masika, itakuwaje? Bomba zima lingetaka kupitisha lita 2.95, na mgongoni ingebaki presha ya sentimita 19. Mtoto akigeuza koki, tumerudi kwenye kukoroma.

Bomba la 90 lina milimita 79.2 ndani. Kipenyo kimekua kwa asilimia 43 kuliko lile la 63 na msuguano umepungua karibu mara 6. Kwa lita 2.5 linakula mita 3.6 tu, zinabaki 8.4 mgongoni. Valvu ikiwa wazi yote, bomba lingetaka lita 3.16 na bado mgongoni zingebaki mita 6.5. Vitabu vingi vya fani hii hupenda mita 10 kwenye sehemu za juu, na hatukuzifikia, lakini tulikuwa na kinga dhidi ya mkono wa binadamu. Nilisimama kwenye 90 na sikurudi nyuma, ingawa bei iliuma. Kilichowasaidia kukubali ni kwamba mita 900 za bomba la 63 lililofukuliwa lilikuwa zima, na lilitosha kupeleka maji kwenye kitongoji cha mwisho, kile cha akina mama waliorudi mtoni.

Kazi ilifanyika kwa msaragambo, nguvu za wanakijiji wenyewe, mtaro uleule ukapanuliwa. Bondeni tuliongeza valvu ya kutolea tope, kwa sababu kwenye bomba la 90 maji yanakwenda nusu mita tu kwa sekunde, na kasi hiyo huacha mchanga ulale. Mgongoni tukaweka redyusa, kiungio cha kupunguza kipenyo, ya 90 kwa 63, na valvu ileile ya hewa ikabaki. Siku ya kufungua, ilipuliza kwa dakika kadhaa, ikatema maji kidogo, ikajifunga yenyewe. Niliweka kiganja tena. Hakikuvutwa.

Kilichobaki ni mahali pa kumalizia kimo cha ziada. Kwa lita 2.5 bomba zima sasa linatumia mita 37.5 kati ya 58, mita 20.5 lazima ziuawe, la sivyo bomba litavuta kuliko chanzo kinavyotoa, chemba itakauka na hewa itaanza kuingilia kule juu. Zinauawa tenkini, mwisho wa safari, kamwe si kwenye chanzo. Ukibana valvu chanzoni unashusha mstari wa maji kwa bomba zima na kuuanika mgongo upya. Tuliweka koki ya kubania, ile inayostahimili kukaa nusu wazi bila kuliwa, na tukaigeuza huku tukipima kwa ndoo hadi ikajaa kwa sekunde 8.

Mzee wa tenki sasa ana ndoo ya lita 20 yenye alama ya rangi, na saa. Kila Jumatatu anapima. Chini ya sekunde 8, anakaza koki kidogo. Zaidi ya 8, hagusi koki kwanza: anamtuma kijana apande chanzoni kuangalia kama bomba la ziada bado linadondosha maji. Likidondosha, tatizo liko kwenye bomba. Likiwa kavu, chanzo kimepungua, na koki inakazwa mpaka lianze kudondosha tena.

Wiki ya tatu alinipigia simu, akaiweka karibu na mdomo wa bomba nisikilize. Maji yalikuwa yanaingia kwa sauti moja, bila pumzi.